Nyungu na Maji Baridi Nyumbani: Moto Ubaki Nje



Siku hizi vijana wetu wanaona kwenye simu watu wa nchi za mbali wakikaa katika chumba chenye joto kali, kisha wakiingia kwenye pipa la maji ya barafu. Wengine wanauliza kama nasi hapa Daudi tunaweza kujitengenezea nyumbani. Inawezekana, lakini jambo hili likipangwa vibaya linaweza kuua.

Si jambo geni

Watu wa Finland huita chumba hicho sauna, na humo joto hufika nyuzi 80 hadi 100. Katika Kanisa letu yupo Padre Sebastian Kneipp wa Ujerumani (1821–1897), paroko wa Wörishofen, aliyejulikana sana kwa kuwahudumia wagonjwa kwa maji ya moto na ya baridi. Kwetu tunayo nyungu. Mwaka 2020 na 2021, wakati wa korona, Watanzania wengi walijifukiza. Mvuke uliwapa nafuu ya mafua, lakini haukuua virusi vilivyokuwa mwilini.

Joto na baridi hufanya nini?

Joto hutanua mishipa ya damu. Jasho hutoka na moyo hupiga haraka. Maji baridi huibana mishipa hiyo ghafla, pumzi hukatika na shinikizo la damu hupanda. Mtu mwenye afya hupata burudani, na misuli iliyochoka kwa jembe hupata nafuu. Utafiti uliotolewa mwaka 2015 kuhusu wanaume 2,315 wa Finland ulionyesha kwamba waliotumia sauna mara nyingi walikufa kwa ugonjwa wa moyo kwa nadra zaidi. Hata hivyo hilo halithibitishi kwamba joto ndilo lililowakinga. Tukumbuke basi kwamba hii ni burudani, si dawa. Kifua kikuu, kichomi na malaria vinatibiwa kwa dawa za hospitali.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote

Baridi ya Juni hadi Agosti huku milimani inatufanya tufunge milango na madirisha. Mtu akiingiza jiko la mkaa ndani, au chini ya blanketi la kujifukizia, mkaa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haionekani wala haina harufu. Huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hulala asiamke. Mkaa uliokwisha kuwaka vizuri bila moshi nao hutoa sumu hiyo. Ukimkuta mtu hivyo, fungua mlango, mtoe nje kwenye hewa safi na umpeleke hospitali mara moja, hata kama amepata nafuu.

Namna ya kupanga

1. Jenga kibanda kidogo mbali na nyumba. Acha matundu ya hewa chini na juu. Mlango ufunguke kwa kusukumwa nje, wala usiwe na komeo.

2. Moto uwake nje. Pasha mawe makavu, uyakung'ute makaa yote, uyaingize kwa chepe ndani ya ndoo ya chuma, kisha umwagie maji kidogo kidogo. Usitumie mawe ya mtoni, maana yenye unyevu hupasuka yakipata moto.

3. Kaa dakika 10 hadi 15, usizidishe. Asiingie mtu peke yake, wala aliyekunywa pombe. Kunywa maji kabla na baada. Ukisikia kizunguzungu, toka.

4. Pumzika kwanza ndipo ujimwagie maji baridi kwa kopo, ukianza na miguu na mikono. Usijitumbukize ghafla.

5. Pipa likishatumika, limwage au lifunike kwa nguvu. Mtoto mdogo huzama hata katika maji machache.

Kwa miguu iliyochoka, mabeseni mawili yanatosha kabisa. Weka miguu dakika 3 katika maji ya vuguvugu na dakika 1 katika maji baridi, urudie mara tatu au nne. Pima maji kwa kiwiko kwanza.

Wasiotumia

Mama mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo, presha, kifafa au homa, na watoto wadogo wasitumie. Mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi anaweza kuungua bila kujua. Wazee wapate kwanza ushauri wa daktari.

Mtoto mwenye mafua asiinamishwe juu ya sufuria ya maji yanayochemka. Akiungua, mwagie sehemu hiyo maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala majivu. Mfunike kwa kitambaa safi, umlete hospitali. Na mtoto anayepumua haraka au kifua kinachobonyea ndani asicheleweshwe kwa nyungu hata saa moja.

Wazazi, kabla ya kulala usiku wa leo, hakikisheni jiko la mkaa liko nje. Mungu azilinde familia zetu.