Tanganyika Si Bahari (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza iliishia Tanga na Mombasa, ambako mtoto hujifunza kuogelea kwa kufuata maji kupwa na kujaa. Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, hakuna kupwa wala kujaa. Mtu wa pwani anayeingia ziwani kwenye ufukwe wa Saga kwa mara ya kwanza hushangazwa na jambo jingine: mwili wake umekuwa mzito. Maji ya bahari, kwa chumvi yake, yana uzito unaozidi wa maji ya ziwa kwa asilimia 2.5 hivi. Ni tofauti ndogo, lakini yatosha kumlazimisha achape miguu mtu aliyezoea kulala chali juu ya maji bila shida.

Ziwa lenyewe ni la pili kwa kina duniani, baada ya Baikal la Urusi: mita 1,470 penye kina kirefu kabisa. Lakini uhai umejibana juu. Ukishapita mita 100 hadi 200 hivi kwenda chini, oksijeni hakuna na samaki hawaishi. Ndagala na mukeke wanaouzwa sokoni hutoka katika tabaka hilo jembamba la juu, na hilo hilo ndilo analoliogelea mwanadamu.

Kaskazini, karibu na mji, Mto Rusizi humwaga tope lake. Novemba 1871, wasafiri Stanley na Livingstone walipanda mtumbwi kutoka Ujiji hadi mdomoni mwa mto huo, wakathibitisha kwamba unaingia ziwani, hautoki. Wenyeji wa Uvira walikwisha kumwambia Burton, msafiri aliyewatangulia, hivyo mwaka 1858. Kuuliza wenyeji kungeokoa makasia mengi.

Na kuuliza wenyeji bado ndiyo kinga ya kwanza ya muogeleaji dhidi ya hatari za ziwani. Mamba aliyevuma kuliko wote ni Gustave, aliyepewa jina hilo na Mfaransa Patrice Faye, aliyekuwa akiishi Burundi. Faye alimtegea kizimba kikubwa cha chuma, mamba hakuingia. Filamu ya mwaka 2004 ikamtangaza duniani, na idadi ya watu anaodaiwa kuwala ikawa inapanda kila anaposimuliwa. Hakuna aliyewahi kumpima.

Viboko hawasifiwi hivyo, ingawa huonekana mara nyingi zaidi. Jioni hutoka majini kwenda kula majani, na mtu anayesimama kati ya kiboko na maji amejiweka pabaya. Maji yalipofurika Gatumba na mitaa ya ufukweni mwaka 2024, mpaka kati ya makazi yao na ya watu ulizidi kufifia. Kichocho nacho hakina kishindo: vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji yaliyotulia penye majani, navyo hupenya ngozi bila mtu kuhisi.

Hata hivyo, maji yenyewe huua bila msaada wa mnyama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mji unaotazamana na ziwa kubwa namna hii ungepaswa kufundisha kuogelea shuleni kama unavyofundisha hesabu. Mzazi wa Bujumbura asisubiri: mtoto aanze kwenye pisini, chini ya jicho la mwalimu, ndipo apelekwe ziwani, mchana, na mahali walipozoea kuoga wenyeji.