KOMPYUTA MPYA, KUMBUKUMBU NDOGO

Mwaka 1984 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa kompyuta ya mezani iitwayo Macintosh. Bei yake dola 2,495. Watu waliisifu, maana ilikuwa rahisi kuitumia. Lakini wengi walilalamika: kumbukumbu yake ni kilobaiti 128 tu!

Kumbukumbu ni kama meza ya kazi. Meza ikiwa ndogo, lazima utoe hiki ndipo uweke kile. Kazi inachelewa.

Septemba mwaka huo huo ikatoka nyingine, kumbukumbu yake mara nne. Aliyenunua ya kwanza afanyeje? Kuongeza kumbukumbu kulimbidi aende kwa wakala, alipe tena.

Basi, kabla hujanunua mashine yoyote, uliza: Je, inaongezeka? Kwa gharama gani? Kuuliza si ujinga.