Maji ya Moto Yanapochelewa: Tangi Ni Bovu au Ni Kubwa Tu?



Baridi ya Juni na Julai tunaijua vizuri sisi tunaokaa chini ya Mlima Meru. Asubuhi za Akheri ukungu huwa bado umelala migombani, na maji ya bomba huuma vidole. Ni wakati huo ndipo tunapoulizwa swali ambalo utadhani ni la fundi umeme wala si la muuguzi: "Sista, tangi letu la maji ya moto ni la lita 200. Tunawasha jioni, lakini mpaka watu wanalala maji bado ni vuguvugu. Kuna nini?"

Ninalijibu katika ukurasa wa afya kwa sababu watu wakichoka kusubiri hutafuta njia za mkato, na njia hizo ndizo zinazoleta wagonjwa wodini. Nyumbani kuna mzazi aliyetoka kujifungua, kichanga hajaogeshwa, babu anakohoa, maji hayajapata moto. Basi jiko la mkaa linaingizwa bafuni na mlango unafungwa ili joto lisitoke. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Mtu huanza kuumwa kichwa, hujisikia kichefuchefu, hulegea, na asipotolewa nje haraka hufa bila hata kuita.

Kabla ya kulilaumu tangi, tufanye kwanza hesabu. Kupandisha joto la lita 100 za maji kwa nyuzi 10 za sentigredi hula yuniti moja ya umeme na kidogo juu yake, yaani 1.16. Tuseme maji yanaingia yakiwa na nyuzi 18 na tunayataka yafike 60. Hapo tumepanda nyuzi 42, na kwa lita 200 zitahitajika karibu yuniti 10. Sasa tazama kibandiko kilicho ubavuni mwa tangi. Kama hita ni ya wati 3,000, inaingiza yuniti 3 kwa saa, kwa hiyo utangoja zaidi ya saa tatu. Kama ni ya wati 1,500, utangoja saa sita na nusu. Hapo hakuna kilichoharibika. Anayewasha saa kumi na mbili jioni akitaka kuoga saa mbili usiku anaidai hita kazi isiyoiweza, hata ikiwa mpya kabisa.

Ikiwa unangoja zaidi ya hesabu hiyo, mita yako ya LUKU itakusaidia kama kipimajoto kinavyomsaidia daktari. Zima kila kitu nyumbani, na jokofu pia. Hakikisha maji ya tangi ni ya baridi, washa hita peke yake, andika yuniti zilizobaki, kisha tazama tena baada ya saa moja kamili. Katika saa hiyo mtu asifungue bomba la maji ya moto.

Hita ya wati 3,000 ikiwa imekula yuniti 3, yenyewe ni nzima. Joto linapotelea kwingine. Chunguza bomba la moto linalodondoka usiku kucha, au bomba refu linalopita nje kwenye baridi bila kufunikwa. Gusa pia ubavu wa tangi: kama una joto la kusikika mkononi, gamba la kuzuia joto limechoka. Na usisahau kuwahesabu watu. Nyumba ya watu kumi na wawili ambao kila mmoja anaoga ndoo nzima haiwezi kushiba tangi moja kwa jioni moja.

Ikiwa imekula kama yuniti 1.8 tu, rudia kipimo hicho mchana au usiku wa manane. Jioni, watu wote wanapopika na kupiga pasi, umeme hudhoofika, hasa kwa nyumba zilizo mwisho wa laini. Wengi hawajui kwamba nguvu ya hita huanguka kwa kasi kuliko umeme wenyewe. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, ambayo si hata robo, nguvu ya hita hupungua karibu asilimia 40. Zile saa tatu na robo zinakuwa zaidi ya tano. Ugonjwa huo hauponi kwa kubadilisha hita. Washa mchana, au amka alfajiri na mapema uwashe watu wengine wakiwa wamelala.

Kipimo kikionyesha nusu kamili saa zote, na tangi lako ni la elementi mbili, yaelekea moja imekufa. Kama mita inakwenda vizuri kisha inasimama maji yakiwa bado vuguvugu, mshuku themostati, kile kifaa kinachokata umeme joto linapotosha. Hayo ni ya fundi anayejulikana kazi yake, na swichi kuu izimwe kwanza.

Niseme neno kuhusu tope. Baada ya masika maji ya mlimani huja na udongo laini unaotulia chini ya tangi, na elementi ikifukiwa hupata joto kupita kiasi ikaungua. Tangi lisafishwe mvua zikiisha. Umeme uzimwe kabla ya kumwaga maji, wala usiwashwe mpaka tangi lijae tena, kwa sababu elementi isiyo na maji huungua kwa muda mfupi sana.

Sasa nirudi kwenye njia za mkato, maana jiko la bafuni si la peke yake. Wako wanaomwambia fundi wa kuokoteza aiondoe themostati na kuunganisha umeme moja kwa moja. Haiongezi kasi hata kidogo, hita ni ile ile. Inachofanya ni kuyaacha maji yapande mpaka yachemke. Wengine huona valvu ya usalama ikidondosha maji, wakaiziba kwa kijiti. Maji yakipata moto huvimba. Lita 200 huongezeka kama lita 3, na katika tangi lililofungwa hizo lazima zipate pa kutokea. Ukiziba valvu na kuondoa themostati, umeweka bomu juu ya dari. Kuna pia koili ya kuchovya kwenye ndoo, ambayo watoto huigusa ikiwa bado na umeme. Na ukisikia bomba "linakung'ata" unapooga, zima swichi kuu muda huo huo. Elementi imepasuka au waya wa ardhi haupo.

Wengine wameshusha themostati hadi nyuzi 40 ili tangi "liwahi". Hapana. Kati ya nyuzi 20 na 45 huzaliana bakteria aitwaye Legionella, aliyejulikana baada ya watu wengi kuugua homa kali ya mapafu huko Philadelphia, Marekani, mwaka 1976. Huvutwa pamoja na mvuke wa bafu, na wazee ndio huumia zaidi. Liache tangi lifike 60, upooze kwenye ndoo.

Lakini maji ya nyuzi 60 humuunguza mtu mzima kwa sekunde tano hivi, na mtoto kwa muda mfupi zaidi. Mama, tia maji ya baridi kwanza, ya moto yafuate, kisha pima kwa kiwiko. Mtoto akiungua, mwagie maji safi ya baridi ya bomba kwa dakika 20, kisha mlete hospitali. Msimpake dawa ya meno, mayai wala mafuta. Tunapoteza muda mwingi, na mtoto anapata maumivu mengi, kuyaondoa.

Wakati mnamsubiri fundi, chemsheni maji jikoni kwenye sufuria yenye mfuniko, mlango ukiwa wazi. Mzazi na kichanga waoge kwanza, kisha wazee. Vijana wanaweza kungoja mchana jua likitoka.