Gatumba, miaka 20: Kumshukuru Mungu hakuzuii kudai haki

Jumapili yoyote hapa Uvira, toka Kalundu hadi Kavimvira, inafika saa katika ibada ambapo mchungaji anauliza: nani ana ushuhuda? Mama mmoja anasimama, anaeleza vile gari ilipinduka kwenye barabara ya Bukavu na yeye akatoka mzima. Kijana anasema upepo uliwakuta katikati ya ziwa, mtumbwi ukajaa maji, na bado wakafika nchi kavu. Kanisa lote linajibu Amina, kiisha wimbo unaanza.

Neno hilo hilo, ushuhuda, ndilo tunatumia pia kwenye tribinali. Yule anayesimama mbele ya kanisa kusema "Mungu aliniokoa" ni shahidi. Yule anayesimama mbele ya jaji kusema "niliona, ilikuwa hivi" naye ni shahidi. Lakini hapa kwetu ushuhuda wa kwanza tunaushangilia, na wa pili mara nyingi tunauogopa.

Tunaongea juu ya jambo hili kwa sababu tarehe 13 Agosti 2024 ilitimia miaka 20 toka mauaji ya Gatumba. Kati ya waliookoka usiku ule kuna msichana wa hapa Uvira aliyekuwa na miaka 10. Alipokua, alibeba ushuhuda wake hadi mbele ya Baraza la Usalama la ONU.

Nini kilitokea Gatumba?

Vijana wengi wanaotusoma hawakuwa wamezaliwa, kwa hiyo tuanze mwanzo.

Mwaka 2004, kwenye mwezi wa tano na wa sita, vita vilipigwa Bukavu. Jenerali Laurent Nkunda na Kanali Jules Mutebutsi waliuteka mji ule tarehe 2 Juni. Baada ya hapo hasira ya watu iliwaangukia raia Banyamulenge, hata wale ambao hawakushika bunduki hata siku moja. Familia nyingi zilitoka Uvira na sehemu za karibu, zikavuka mpaka pa Kavimvira, zikaingia Burundi. HCR iliwapokea katika kambi ya muda ya Gatumba, kwenye njia ya kwenda Bujumbura, kilometa chache tu toka mpaka wetu.

Kambi kukaa karibu namna ile ilikuwa hatari tayari. Mkataba wa nchi za Afrika juu ya wakimbizi, wa mwaka 1969, unasema nchi inayowapokea iwaweke mbali vya kutosha na mpaka wa nchi waliyotoka. Gatumba haikuwa mbali. Jioni mtu angeweza kusimama pale na kuona milima ya kwao.

Usiku wa Ijumaa tarehe 13 Agosti, watu wenye silaha waliingia kambini. Walipiga risasi na kuchoma mahema. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu watu 152 waliokufa na 106 waliojeruhiwa. Wengi sana kati yao walikuwa Banyamulenge, na wamama na watoto walikuwa wengi. Kambi ya jeshi la Burundi ilikuwa karibu, lakini askari hawakuja kuwaokoa.

Kundi la waasi wa Burundi, FNL, lilitangaza kwamba ni lenyewe lililoshambulia. Kuna waliosema makundi mengine pia yalishiriki. Ushahidi ulio wazi ambao wachunguzi wa Human Rights Watch walipata ulikuwa juu ya FNL.

Mimi nilikuwa kijana wa shule wakati ule. Nakumbuka asubuhi ile watu wazima waliongea kwa sauti ya chini, na mtoto akikaribia wanabadilisha maongezi. Kuna waliolia. Kuna pia walionyamaza kwa namna ambayo sikuielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Familia moja katika moto

Sandra Uwiringiyimana alikuwa amelala katika hema pamoja na wazazi na ndugu zake. Yeye mwenyewe ameyaeleza mara nyingi mbele ya watu, na ameyaandika katika kitabu kilichotoka Marekani mwaka 2017. Mama yake alipigwa risasi. Mdogo wake wa kike, mwenye miaka 6, alipigwa risasi na akafa. Kiisha mtu mmoja alimwekea Sandra bunduki kichwani. Alingoja kufa. Mtu yule hakufyatua risasi, na mtoto akakimbia gizani.

Kulipokucha alijua kwamba mama yake, pamoja na majeraha yote, alikuwa bado anapumua. Mama alipona. Mdogo hakurudi tena.

Hapa ndipo ulizo linaanza ambalo kila familia ya hapa Kivu iliyopita katika moto inalijua: juu ya nini mimi nilibaki na yeye akaenda?

"Siku yangu haikuwa imefika"

Hapa kwetu majibu yako tayari. Tunasema: siku yako haikuwa imefika. Mungu alikuficha. Ana kazi nawe. Mtu anayasema kwa mapendo, na mara nyingi yanasaidia. Mtu aliyepoteza nyumba, shamba na jina lake mtaani anabaki na kitu kimoja cha kushika: kwamba maisha yake yana sababu. Kanisa ndilo lilikuwa hospitali ya kwanza ya roho katika vita vyetu vyote. Pale watu waliimba pamoja, walilia pamoja, walipata mtu wa kuwashika mkono.

Lakini jibu hilo linabeba pia uzito wake. Kama Mungu alimficha yule aliyebaki, mama aliyezika mtoto atafikiri nini? Kwamba mtoto wake hakupendwa? Wachungaji wenye hekima wanajua ulizo hili, na hawakimbilii kulijibu. Wanakaa na mtu kwanza. Wengine, kwa haraka, wanamwambia aliyeokoka asamehe na asahau, tena siku hiyo hiyo. Na mtaani kuna maneno mabaya zaidi: fulani aliokokaje peke yake? Alikuwa na dawa? Alikuwa amejulishwa? Mtu aliyetoka katika kifo anakuta sasa anashitakiwa kwa kosa la kuwa hai.

Kwa Gatumba kuna jambo lingine gumu. Waliookoka walieleza kwamba washambulizi walikuja wakipiga ngoma na kuimba nyimbo za dini. Ndani ya mahema watu walikuwa wanamwita Mungu, na nje watu waliokuja kuua walikuwa wanaimba jina lake. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba dini peke yake inatosha kutulinda. Inategemea nani anaishika, na kwa kazi gani.

Toka kanisani hadi ONU

Mwaka 2007 familia ya Sandra ilipelekwa Marekani na mpango wa kuhamisha wakimbizi, wakakaa mji wa Rochester katika jimbo la New York. Watu wengi wangesema: basi, imekwisha, Mungu amewafuta machozi. Haikuwa hivyo. Yeye mwenyewe ameandika kwamba huzuni na kiwewe vilimfuata hadi kwenye masomo yake ya juu, na kwamba ilimbidi kutafuta msaada.

Bado kijana, alishirikiana na kaka yake kutayarisha maonyesho ya picha za waliookoka Gatumba. Hakuwa na chama, hakuwa na bajeti kubwa. Walikuwa na picha za watu na majina yao. Baadaye, mwezi wa Septemba 2014, aliongea mbele ya Baraza la Usalama la ONU siku walipojadili hali ya watoto katika vita. Aliwaeleza mabalozi habari ya mdogo wake, na kwamba waliofanya vile hawajahukumiwa.

Ni ushuhuda ule ule ambao angeutoa katika kanisa la hapa Uvira, lakini sasa mwisho wake umebadilika. Kanisani ushuhuda unaisha kwa shukrani. Mbele ya Baraza unaisha kwa ulizo: ninyi mnafanya nini? Mtu mmoja anaweza kufanya yote mawili bila kujipinga. Shukrani inaelekea kwa Mungu, na dai la haki linaelekea kwa serikali.

Juu ya nini hakuna aliyehukumiwa?

Hadi leo hakuna mtu aliyehukumiwa kwa mauaji ya Gatumba. Agathon Rwasa, aliyeongoza FNL wakati ule, aliingia siasa, na mwaka 2015 akawa makamu wa kwanza wa spika wa bunge la Burundi. Watu wengi wanauliza kwa nini Mahakama ya Kimataifa ya La Haye, CPI, haikuingia. Jibu liko katika kalenda.

CPI inaweza kufuata makosa yaliyofanywa toka tarehe 1 Julai 2002, lakini ndani ya nchi ambayo imekwisha kukubali mkataba wake. Kongo ilikuwa imekubali. Ila Gatumba iko Burundi, na kwa Burundi mkataba ule ulianza kufanya kazi tarehe 1 Desemba 2004. Mauaji yalikuwa yametokea miezi mitatu na nusu mbele ya hapo.

Ripoti ya Mapping ya ONU, iliyotoka tarehe 1 Oktoba 2010, nayo haikuifikia. Inahusu makosa yaliyofanywa ndani ya Kongo kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Gatumba ilichelewa mwaka mmoja na ikavuka mpaka. Wafu wa Kongo waliangukia katikati ya karatasi mbili. Inabaki tribinali za Burundi, na hizo hazijamaliza kazi.

Si Gatumba peke yake

Tukiandika juu ya Gatumba peke yake, kuna wasomaji watakaouliza: na sisi je? Wana haki ya kuuliza. Makobola, kusini ya mji wetu, toka tarehe 30 Desemba 1998 hadi mwanzo wa Januari 1999, Ripoti ya Mapping inasema raia zaidi ya 800 waliuawa na askari wa RCD pamoja na wenzao wa Rwanda na Burundi. Mutarule, katika bonde la Ruzizi, usiku wa tarehe 6 Juni 2014, watu zaidi ya 30 waliuawa, wengi wao wakiwa katika ibada. Nao pia walikuwa wanasali.

Kila kabila hapa lina usiku wake. Ubaya ni kwamba kila kabila linakumbuka usiku wake tu, na usiku wa jirani linausikiliza kwa sikio moja. Mwanasiasa anayetafuta vijana wa kubeba silaha anaanzia hapo: anachukua ushuhuda wa kweli, anaondoa jina la aliyefanya kosa, anaweka jina la kabila zima. Na hivyo maumivu ya mama mmoja yanageuka kuwa sababu ya kuua mtoto wa mama mwingine.

Vijana wafanye nini?

Mwisho wa mwezi wa sita mwaka 2024 MONUSCO ilifunga kazi yake katika Kivu ya Kusini. Iwe uliipenda ama hapana, walikuwako pale watu wenye kazi ya kuandika yaliyotokea. Sehemu kubwa ya kazi hiyo inabaki sasa kwetu.

Kijana anayetaka kuifanya ajue kwamba sheria inamtambua. Kivu ya Kusini ilipitisha tangu 2016 amri ya jimbo ya kulinda watetezi wa haki za binadamu na waandishi wa habari, na nchi nzima ilipata sheria yake mwezi wa Juni 2023. Karatasi haizuii risasi, tunajua. Lakini mtu anayekamatwa na anajua jina la sheria yake si sawa na yule asiyeijua. Kuna pia sheria ya Desemba 2022 juu ya malipizi kwa wahanga, iliyounda mfuko wa FONAREV na kuweka tarehe 2 Agosti kuwa siku ya kuwakumbuka.

Na kuna namna ya kuandika ushuhuda ili usaidie siku moja. Andika tarehe, mahali na saa. Tenga "niliona" na "nilisikia". Taja mtu ama kikosi, usitaje kabila. Usimlazimishe aliyeumia kusema. Akinyamaza, rudi siku nyingine, au usirudi. Usiweke jina lake wala picha yake kwenye WhatsApp. Ficha daftari mahali pa salama, na mtu mmoja unayemwamini ajue lilipo.

Wachungaji na masheikh nao wana nafasi. Watu wanawafikia wao kwanza, mbele ya polisi na mbele yetu waandishi. Mtu akisimama kusema "Mungu aliniokoa", waseme Amina kwa sauti yote. Kiisha ibada ikiisha, wamwite pembeni na kumuuliza polepole kama yuko tayari kueleza pia aliokolewa toka mikononi mwa nani.

Mdogo wa Sandra angekuwa na miaka 26 mwaka 2024, umri wa wasomaji wetu wengi.