Kazi ya Kukagua Malori na Matatu katika Barabara ya Embu na Meru

Watu wengi waonapo polisi wa trafiki wamesimamisha lori au matatu kando ya njia, hudhani ya kuwa kazi yao ni moja tu, yaani kumtafuta dereva mwenye kosa na kumshtaki. Kumbe hiyo ni sehemu ndogo ya kazi. Askari aliye barabarani ni mfano wa jicho. Nyuma yake yapasa kuwe na mkuu wa kupanga, karani wa kuandika, fundi wa kupima, na mpelelezi wa kufuata habari mpaka kwa mwenye gari. Isipokuwa hivyo, dereva atatozwa faini leo, na kesho gari lile lile, lenye breki zile zile mbovu, litapita tena likiendeshwa na mtu mwingine.

Barabara itokayo Embu kwenda Meru kwa njia ya Runyenjes na Chuka ni mfano mzuri wa jambo hili. Imepita katika mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya, nayo huvuka mito mingi ishukayo kuelekea Mto Tana, kama Thuci, Nithi na Mutonga. Kwa hiyo njia hushuka bondeni, ikapanda, ikashuka tena. Dereva mwenye mzigo mzito akishuka mteremko mrefu huku amekanyaga breki muda wote, breki hupata moto, na zikishapata moto sana hulegea, hata akikanyaga kwa nguvu gari halisimami. Ndiyo sababu madereva hufundishwa kutia gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, wala si katikati ya mteremko.

Tarehe 24 Julai 2022 basi lililotoka Meru lilianguka bondeni kwenye daraja la Nithi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Baada ya ajali ile, Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, ijulikanayo kwa herufi NTSA, ilisimamisha kwa muda kazi ya mabasi yote ya kampuni ile, si ya basi lile moja tu. Yafaa watu wafahamu maana ya hatua hiyo. Basi moja likipata ajali, swali la kwanza ni hali ya basi na dereva wake. Swali la pili, ambalo ni kubwa zaidi, ni hili: je, mabasi mengine yaliyotunzwa na watu wale wale yako katika hali gani?

Sheria ya magari barabarani si jambo jipya nchini Kenya. Sheria ya Trafiki ilitungwa mwaka 1953, nayo imerekebishwa mara nyingi. Mwaka 2004 zilianza kutumika kanuni za Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Bwana John Michuki, ambazo ziliamuru matatu na mabasi yawe na mikanda ya viti na chombo cha kuzuia mwendo usipite kilomita 80 kwa saa. Sheria hukataza pia mtu kuendesha gari la abiria au la biashara zaidi ya saa 8 katika muda wa saa 24. Na katika miji na masoko, gari lolote lisipite kilomita 50 kwa saa.

Kazi ya kuzisimamia sheria hizi imegawanywa. Polisi husimamisha magari na kuwapeleka wakosaji mahakamani. NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, hutoa leseni na kukagua magari. Halmashauri ya Barabara Kuu, iitwayo KeNHA, husimamia mizani za kupimia malori. Mkuu wa kazi hii asipowaunganisha watu wa idara hizi tatu, kila mmoja atajua sehemu yake tu, na mwenye gari bovu atapenya katikati yao.

Jambo la uzito laonyesha vema hatari hiyo. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ekseli ya mbele ya lori isibebe zaidi ya tani 8, ekseli moja ya nyuma yenye tairi 4 isizidi tani 10, na lori kubwa kabisa pamoja na mzigo wake lisizidi tani 56. Sababu yake ni hii. Majaribio yaliyofanywa Marekani tangu mwaka 1958 hadi 1960 yalionyesha ya kuwa uzito wa ekseli ukiongezwa mara 2, uharibifu wa barabara huongezeka kiasi cha mara 16. Basi tajiri mmoja akizidisha mzigo apate faida ya safari moja, hasara hulipwa na kila mtu apitaye pale penye mashimo.

Mizani kubwa iko Juja, katika njia ya kuingia Nairobi. Lakini lori lichukualo mchanga au mawe kutoka Mbeere kwenda kujenga nyumba Runyenjes halifiki Juja kamwe. Tena mchanga hupakiwa kwa kukisia kwa macho, na mchanga uliolowa mvua ni mzito kuliko mkavu, ingawa machoni ni lori lile lile lililojaa vile vile. Kwa hiyo mkuu mwenye busara huomba mizani ya kuhamishika, akaipeleka mahali yanapotoka mawe na mchanga, wala hangoji malori yamfuate.

Hapa ndipo ilipo siri ya kazi yenyewe. Askari ni wachache na magari ni mengi; haiwezekani kusimamisha kila moja. Yapasa mkuu achague mahali, saa na aina ya gari. Siku za soko hutazama matatu zilizojaza watu kupita kiasi. Usiku hutazama malori na mabasi ya safari ndefu, ambayo madereva wake huenda wamechoka. Katika njia ya kutoka Maua hutazama pikapu za miraa, kwa maana miraa hupoteza thamani isipomfikia mnunuzi upesi, nazo huenda mbio hata katikati ya masoko. Lakini dereva wa miraa hakujipangia saa ya kufika. Aliipanga mwenye mzigo. Kumtoza dereva faini na kumwacha aliyempangia saa ni kukata majani na kuacha mzizi.

Kwa ajili hiyo daftari ni silaha kubwa kuliko kizuizi cha barabarani. Katika daftari huandikwa nambari ya gari, jina la mwenyewe, kosa, mahali na tarehe. Gari la mtu mmoja likiandikwa mara 3 kwa tairi zilizokwisha, hilo si kosa la dereva tena, bali ni desturi ya mwenye gari, naye ndiye wa kuulizwa. Tena hati ya ukaguzi huonyesha hali ya gari siku lilipopimwa. Haiwezi kuonyesha hali ya breki miezi 6 baadaye. Ikitokea ajali, sheria huagiza ipelekwe habari polisi katika muda wa saa 24, na wapelelezi hupima alama za tairi, wakakagua gari, wakauliza lilitengenezwa lini na dereva alilala saa ngapi.

Kazi hii yote huharibiwa na jambo moja, nalo ni hongo. Noti ikiisha kupita dirishani, kosa haliandikwi, na daftari husema uongo kwa kunyamaza. Mkuu hawezi kumfuata mwenye gari ambaye jina lake halimo. Sheria ya mwaka 2016 huwahukumu mtoaji na mpokeaji sawasawa, na adhabu yaweza kufika kifungo cha miaka 10 au faini ya shilingi milioni 5, au vyote viwili.

Wananchi nao wana sehemu yao. Abiria aonaye dereva amesinzia, au gari limejaa kupita kiasi, asinyamaze kwa kuona haya; amwambie dereva, na asiposikilizwa ashuke, kisha atoe habari kituo cha polisi pamoja na nambari ya gari. Mwenye gari naye akumbuke ya kuwa bei ya breki mpya ni ndogo kuliko bei ya mazishi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika barabara hii, ufa huwa mdogo sana pale Embu au Meru, lakini huwa mkubwa katika mteremko wa Nithi.