Chaki za Maswa

Kila aliyepata kwenda shule ameiona chaki mkononi mwa mwalimu, lakini ni wachache waliojiuliza jinsi ifanywavyo. Leo nataka kuwaelezeni habari hizo.

Mkoa wa Simiyu, ambao makao yake ni Bariadi, uliundwa mwaka 2012. Watu wake ni mashuhuri kwa kilimo cha pamba; lakini pamba iuzwapo kabla ya kufumwa, faida ya ufumaji huipata mwingine. Basi katika miaka ya 2010 wakuu wa mkoa walihimiza kila wilaya iwe na bidhaa yake. Meatu wakashika maziwa. Vijana wa Maswa, majirani wa Bariadi, wakashika chaki.

Sasa tazameni kazi yenyewe. Chaki hufanywa kwa jasi, jiwe ambalo hapa nchini huchimbwa Itigi na kwingineko. Jiwe hilo laonekana kavu, kumbe lina maji ndani yake. Likisagwa na kuchomwa kwa moto wa kiasi, yapata digrii 150, robo tatu ya maji hayo hutoka, ukabaki unga mweupe. Unga huo ukikorogwa na maji huyanywa tena, na baada ya dakika chache hugeuka kuwa jiwe. Kwa hiyo uji wake humiminwa upesi katika kalibu yenye matundu mengi. Ukisha kushika, vijiti hutolewa, huanikwa, kisha hutiwa katika maboksi.

Kazi hii yaonekana nyepesi, lakini ina siri yake, nayo ni kipimo. Moto ukizidi mno, unga hupoteza nguvu, wala haushiki upesi. Maji yakizidi mno, chaki huvunjika mkononi. Yakipungua, huwa ngumu, ikakwaruza ubao pasipo kuandika. Jua la kiangazi ni tanuri lisilotaka kuni. Lakini mvua zianzapo, hapana budi pawe na chumba cha kukaushia, ama kazi italala.

Nasema haya kwa kuwa mimi ni mwalimu. Mwalimu hanunui chaki kwa huruma. Ikimvunjikia leo na kesho, keshokutwa atanunua ya ng'ambo, na kijana aliyeifanya atakosa kazi. Hivyo maarifa mapya ya kiwanda kidogo si mashine kubwa tu: ni kupima, kuandika kipimo daftarini, na kukifuata kila siku, hata chaki ya leo isipitwe na ya jana.

Nanyi wanafunzi, mnapofundishwa hesabu za uwiano, msiseme zina faida gani. Hizo ndizo apimazo nazo mkorogaji, sehemu kadha za unga kwa sehemu kadha za maji. Mwanzo wa ngoma ni lele. Kwaherini.