TANKI LA MAJI YA MOTO LISITUUNGUZIE WATOTO

Ndugu wafanyakazi wa viwandani na mashambani,

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, saa za kazi na likizo. Leo tunazungumza juu ya maji ya kuoga. Msidhani ni jambo dogo.

Sisi tunaozunguka katika mashamba ya chai ya Toro, magharibi ya Uganda, tunaijua baridi inayoshuka usiku kutoka milima ya Rwenzori. Mtu aliyechuma chai katika umande tangu alfajiri, au aliyetoka zamu ya usiku kiwandani, anastahili kuoga maji ya moto. Kwa hiyo tulifurahi shamba moja lilipofunga tanki la umeme katika bafu la nyumba za wafanyakazi.

Furaha haikudumu. Mama mmoja, mwenzetu, alimsimamisha mtoto wake wa miaka 3 chini ya bomba, akageuka kuchukua sabuni. Maji yaliyotoka yalimbabua mtoto mgongo na mguu. Tulipouliza ni nani aliyepandisha moto wa tanki, ofisi ilimtaja fundi, na fundi akawataja wafanyakazi. Ukweli ni kwamba hakuna aliyekuwa amefundishwa.

Nasi tukafanya kosa la pili. Kwa hasira tulidai tanki literemshwe hadi nyuzi 40 za sentigredi. Ofisi ilikubali upesi, maana umeme ulipungua. Baadaye bwana afya alitueleza kwamba tumekimbia moto tukaingia kwenye ugonjwa.

Kuna vijidudu viitwavyo lejionela. Hupenda maji ya uvuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45. Mtu huvipata kwa kuvuta pumzi yenye matone madogo sana ya maji, kama yale ya bomba la mvua, navyo huleta homa kali ya mapafu. Vilijulikana baada ya mkutano wa askari wastaafu katika hoteli moja ya Philadelphia, Marekani, mwaka 1976, ambako watu wengi waliugua na zaidi ya 20 wakafa. Kwa sababu hiyo wataalamu wanashauri maji ndani ya tanki yakae kwenye nyuzi 60.

Lakini maji ya nyuzi 60 yanaweza kumuunguza vibaya mtu mzima kwa sekunde 5 hivi, na mtoto kwa muda mfupi zaidi. Yakifika 70, hata sekunde moja haiishi. Basi tufanyeje? Jibu ni hili: tanki libaki na 60, lakini maji yapozwe kabla ya kufika mwilini. Iko valvu ya kuchanganyia, ambayo hutia maji baridi kabla ya bomba. Pasipokuwa na valvu hiyo, tumia ndoo au beseni: tangulia maji baridi, kisha ongeza ya moto, koroga, halafu pima kwa kiwiko. Usimweke mtoto chini ya bomba la moto hata mara moja.

Kurekebisha moto wa tanki kuna utaratibu wake. Kifaa kinachopima na kukata moto huitwa thamostati. Mara nyingi kimefichwa chini ya kifuniko, pamoja na nyaya zenye umeme wa volti 240. Umeme huo unaua. Kazi hii ni ya fundi umeme, lakini kila mmoja wetu ajue anachopaswa kukiona:

1. Fundi azime umeme wa tanki kwenye swichi kuu, na mtu asimame hapo ili mwingine asiuwashe.
2. Afungue kifuniko, kisha ahakikishe kwa testa kwamba umeme haupo. Asiwe na mikono mibichi wala asisimame kwenye maji.
3. Azungushe thamostati kidogo kwa bisibisi. Tanki likiwa na thamostati mbili, zote ziwekwe sawa.
4. Arudishe kifuniko kabla ya kuwasha umeme.
5. Baada ya saa 2 au 3, fungulia bomba lililo karibu na tanki kwa dakika moja, kinga maji kikombeni, upime kwa kipimajoto. Namba zilizoandikwa kwenye thamostati si za kuaminiwa peke yake.

Jambo jingine: maji yakipata moto hutanuka, na valvu ya usalama huyapa njia ya kutokea. Tumeona kwa macho yetu valvu iliyozibwa kwa kijiti kwa sababu ilikuwa inadondosha matone. Ndugu zetu, tanki lililozibwa linaweza kupasuka kama bomu. Valvu ikivuja sana, zima umeme umwite fundi.

Mtu akiungua, mwagia mahali pale maji baridi ya bomba kwa dakika 20. Vua nguo, isipokuwa iliyogandia ngozi. Funika kwa kitambaa safi, umpeleke hospitali. Usipake dawa ya meno, mafuta, unga wala kinyesi cha ng'ombe.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake. Sisi tunasema ulinzi huo usiishie kwenye lango la kiwanda. Katika majadiliano ya mkataba wa pamoja tudai valvu za kuchanganyia, fundi wa kukagua matanki, na kipimajoto katika kila kambi. Mwakilishi wa kila tawi aanze wiki hii kwa kupima maji ya kambi yake na kuandika namba anayoiona. Tukiwa na namba mkononi, ofisi haitatuambia tena kwamba kosa ni letu.

Yule mtoto amepona, lakini kovu anatembea nalo. Lisiongezeke jingine.

Umoja ni nguvu.